Pepe

Kwa Kiswahili cha ofisini inaitwa mashine pepe.
Nilicheka siku ya kwanza kulisikia jina hilo,
maana kwetu Ole pepe ni ile punje
inayoruka ungoni bibi akipepeta,
ganda tupu, halina mchele ndani,
hata kuku wa jirani haligeukii.

Sasa ninazo tano.
Zinakaa ndani ya seva moja ya chuma, Chake Chake,
chumba cha nyuma, ukishapita stoo ya magodoro,
na feni zake zimejaa vumbi la makonyo
kwani nje wameanika karafuu
na upepo haubishi hodi kwa serikali.

Hazina mwili hizi tano. Haziumwi mgongo.
Ila kila moja yataka pa kuweka vitu vyake,
na diski niliyopewa ni moja.

Nikakumbuka mbuzi ya nazi ya Bikombo.
Mtaa mzima ulikunia kwa mbuzi ile.
Ilitoka asubuhi kupitia uani, ukuta kwa ukuta,
ikarudi magharibi meno yake bado meupe kwa nazi,
na kila nyumba, ukiuliza, iliiita "yetu".

Nami nikafanya vivyo hivyo.
Nikaipitisha diski kwenye kebo:
Wete wakaiona, Mkoani wakaiona,
kila mmoja akaiona iko kwake,
ndani ya kompyuta yake, chini ya meza yake,
kama haijapata kukaa pengine popote.
Nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha kulipwa.

Nikasahau lile ambalo kila mtoto wa mtaani analijua:
wawili hawakalii mbuzi moja.

Alhamisi, saa tano kasorobo,
Mize Shaame wa Mkoani aliandika
mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mama Salhina Mbwana.
Dakika hiyo hiyo Asaa wa Wete aliandika
mtoto wa kiume, kilo mbili na nusu, mama Riziki Kombo.
Mstari ule ule. Diski ile ile.
Hakuna aliyempigia mwenziwe hodi.

Jioni nikafungua nikakuta mtoto mmoja:
wa kike, kilo mbili na nusu,
mama yake Riziki Mbwana,
na mbele ya hapo alama tu, alama, alama,
kama nyayo za kaa ufukweni.
Mtu asiyezaliwa na yeyote
na namba keshapewa.

Bibi asingebishana. Angelipuliza.
Mimi mkono ulikataa:
ganda lile lilikuwa na watoto wawili ndani.

Nikampigia Mize. "Karatasi unayo?"
"Ninayo. Nyinyi ndio mlosema tuziache."
Akanisomea. Asaa naye akanisomea.
Isha ikaadhiniwa nikiwa bado naandika,
kilo kwa kilo, mama kwa mama,
wiki nzima ya vizazi vya watu.

Kisha nikatia kufuli.
Si la chuma. Sharti tu, mistari kumi na mmoja:
anayeandika akae peke yake,
mwenziwe asome, angoje, aone
neno SUBIRI katikati ya kioo
mpaka zamu imfikie.
Feni nilizipangusa kwa kanzu yangu kuukuu.

Jumamosi simu ikalia.
"Hii imenambia nisubiri. Namsubiri nani?"
"Asaa," nikasema. "Yuko juu ya mbuzi."
Kimya. Halafu akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Basi mwambie akaze mkono, nazi moja haichukui siku nzima.
Mimi nina pacha hapa,
na wa pili ndiyo kwanza anatoa kichwa."